Kiko cha Saa Nzima

Mtu asiyevuta tumbaku akitumwa kununua kiko, ataangalia kwanza urembo: mng'aro wa mti, pete ya fedha shingoni, bei. Mimi sivuti, wala sijawahi. Lakini kwa karibu miaka miwili nimeshika viko vingi kuliko wavutaji wengi ninaowajua. Nimevipima kwa mizani ninayopimia unga wa keki, nimeviuma vikiwa vitupu huku nikiangalia saa ya simu, na naweza kukuambia kwamba urembo ni jambo la mwisho kabisa. La kwanza ni taya. Jaribu kushika jembe mwisho wa mpini, mkono umenyooka, uone utavumilia dakika ngapi. Jembe ni lilelile, uzito haujaongezeka, ila umbali ndio unaokuua. Kiko kilichonyooka chenye kichwa kizito humfanyia mvutaji vivyo hivyo. Gramu ishirini zikizidi, dakika tano za kwanza hutazisikia. Dakika ya ishirini utazisikia zote, moja moja.

Mwenye taya ninayemzungumzia ni babu yangu mzaa baba. Nyumbani tunamwita Agui. Anaishi Keringet, Kuresoi Kusini, juu huko ambako mahindi hukaa shambani miezi minane, tisa, na ukungu wa Mau ukishuka jioni huoni lori la viazi mpaka likupigie honi. Mimi nafundisha Kiswahili mjini Nakuru. Napanda kuwaona mara mbili kwa mwezi, mfuko ukiruhusu.

Jumamosi huja mzee mwingine kutoka Molo. Huyo tunamwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, kwa hiyo boma letu la Kipsigis lina Agui na lina Guka, na watoto wadogo hukua wakidhani hayo ni majina tu ya watu wawili. Walijuana wakiwa vijana wasio na ndevu, kwenye shamba la pareto la mzungu, miaka michache kabla ya Uhuru. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, aligawa vitu ambavyo havikutosha kwenye sanduku. Guka alipata koti. Agui alipata kiko.

Guka havuti, anatumia ugoro. Ugoro ni kitu cha haraka: unabana kidogo kati ya vidole viwili, unapandisha puani, chafya mbili, kazi imekwisha. Kiko ni kitu cha kukaa. Na kwa wazee hawa wawili, kiko ndicho saa. Agui hukijaza wakishamaliza chai, hukiwasha kwa kaa la moto, na kuanzia hapo mpaka kizime, Guka hasimami. Kikizima, anatafuta kofia na fimbo, tunamsindikiza hadi steji apate matatu ya Molo. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Nimekua nikaikuta.

Nusu saa ya kwanza hawaongei. Yaani wanaongea, lakini ni yale ya kupitisha: bei ya gunia la viazi, ng'ombe wa fulani ameshika mimba, fulani amezikwa na watu walikuwa wengi. Kisha wananyamaza. Ukipita hapo utadhani wamegombana. Mambo yenyewe huja baada ya nusu saa. Najua kwa sababu nilipokuwa msichana kazi yangu ilikuwa kuleta kaa kwa koleo kiko kikizimika, na mtoto wa kaa hukaa karibu, husahaulika. Karibu kila kitu ninachojua kuhusu ukoo wetu nilikisikia baada ya ile nusu saa.

Ndivyo nilivyojua, kwa mfano, kwamba Guka alizaliwa Olenguruone, mbele ya Keringet ukitokea Molo, kwenye makazi ambayo serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu mwaka 1941, kisha ikawawekea masharti waliyoyakataa. Walikula kiapo. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, na wengi wakapelekwa Yatta, kwenye jua na vumbi, watu waliozoea baridi hii yetu. Guka alikuwa mtoto. Alirudi upande huu Dharura ilipokwisha, akitafuta kibarua. Akapata kibarua, akapata rafiki, baadaye akapata shamba dogo, akajenga. Mwaka 1992 alikimbia, akarudi. Mwaka 2008 alikimbia, nyumba ikachomwa, na hakurudi tena kuishi. Alichofanya Agui mwezi ule, na ambacho hakufanya, wanakijua wao wawili. Guka alikaa zaidi ya mwaka bila kukanyaga Keringet. Halafu Jumamosi moja akashuka kwenye matatu akiwa na mkate na nusu kilo ya sukari kama mtu aliyetoka sokoni, Agui akaita chai iletwe, akatafuta kiko.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini nilishtuka kiko kilipoanza kuwekwa mezani baada ya dakika kumi.

Ilianza mwaka juzi. Agui anakiwasha, anavuta kidogo, anakitoa, anasugua shavu, anakirudisha, anakiweka chini. Guka anakitazama pale mezani. Anangoja, kwa heshima. Kisha anaanza kupapasa kofia. Jumamosi tatu mfululizo niliwaona wakiagana kabla hata ng'ombe hawajakamuliwa, na ule ukimya wa kwanza haujafika mwisho wake.

Sababu ilikuwa meno. Wazee wa Kipsigis wa rika la Agui waling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, wakiwa watoto. Hilo pengo kwake halikuwa upungufu, lilikuwa kiti cha kiko. Kwa miaka sitini shilamu ilikaa pale kama kigingi kwenye tundu lake, meno ya pembeni yakiibana. Sasa meno ya pembeni yameanza kwenda, moja baada ya jingine, na kiti kimebaki bila mikono. Anayebana kiko kwa ufizi anaumia. Anayekishika kwa mkono muda wote anachoka, na mkono wa kulia wa Agui una baridi yabisi.

Nimesema shilamu, na najua wengi mtaniuliza neno hilo nimelitoa wapi. Nimelitoa pwani, tena zamani. Askofu Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alikieleza kiko kipande kwa kipande, na kila kipande kina jina lake. Bori ni kile kikombe kinachotiwa tumbaku na moto. Digali ni mti unaotoka kwenye bori ukaingia majini. Kiko chenyewe, kwa maana ya asili, ni kile chombo cha maji. Shilamu ni mrija unaotoka hapo kuja mdomoni. Na ile sauti ya maji yakitokota mtu anapovuta inaitwa malio ya kiko. Darasani kwangu nikiwaambia wanafunzi kwamba lugha yao ina neno maalumu kwa ajili ya mlio wa maji ndani ya kiko, wanacheka. Lakini angalia walichokuwa wametatua wale watu wa pwani. Bori inakaa chini, uzito wote umebebwa na chombo au na sakafu. Moshi unapita majini, unapoa. Mdomo haubebi chochote ila ncha ya mrija. Hicho ni kiko cha kukaa nacho alasiri nzima. Kiko cha kizungu kilichokuja baadaye ni kiko cha mtu anayetembea, mwenye kazi nyingine mikononi, kwa hiyo kilimtwika taya mzigo wote. Na kikianza kulia majimaji, basi kinaumwa: tumbaku ina unyevu, au unavuta kwa pupa.

Kile cha Agui kilikuwa cha kizungu kwa umbo lakini cha hapahapa kwa kuzaliwa. Niliposugua ngozi iliyokizungushia niliona alama ya tembo. Kilitengenezwa na Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha, kampuni ya miaka ya 1950, iliyochimba jiwe la rangi ya maziwa upande wa Amboseli, mpakani. Wajerumani waliliita jiwe hilo povu la bahari kwa sababu ni jepesi. Lile bora zaidi duniani hutoka Eskişehir, Uturuki. Letu ni gumu zaidi na zito zaidi, ila lina sifa ileile kuu: halichomi mkono, linanyonya unyevu, na moshi wake hauna ukali. Kampuni ilivipa viko vyake jina la Kiko, ambalo kwetu ni kama kutengeneza gari ukaliita Gari. Nilikiweka kwenye mizani. Gramu 63, kitupu, na shilamu iliyonyooka kama rula. Agui alikuwa amening'iniza hicho mdomoni tangu Kenya haijawa jamhuri.

Nikaanza kutafuta.

Nakuru mjini utapata sigara kila kibanda, na vifaa vya shisha bado viko kwa wanaojua kuuliza, ingawa serikali iliipiga marufuku Desemba 2017. Kiko hupati. Dukani wananiangalia kama niliyeomba taipureta. Kwa wauza vinyago nilipata viko vya jiwe la Kisii, vizuri sana, kimoja kimechongwa kifaru. Nilikiuliza kifaru uzito wake kikaniambia gramu 190. Hicho ni cha kuweka kwenye rafu, na aliyekichonga anajua hivyo.

Nairobi kuna maduka machache yanayouza viko vya mti. Mti wenyewe unaitwa braya, na kwa kweli si mti bali ni uvimbe mgumu kati ya mzizi na shina la kichaka kinachoitwa Erica arborea. Wanauchimba nchi za Mediterania, wanauchemsha, wanaukausha muda mrefu, kisha mafundi, wa Saint-Claude kule Ufaransa kwa mfano, ndio wanaoutoboa. Uvimbe ule unastahimili moto kuliko mbao ya kawaida. Nilipoangalia picha za kichaka hicho nilikitambua: kinaota pia Mlima Kenya na Aberdare, juu ya msitu wa mianzi. Tuna mti, tuna jiwe, na hapo nimesimama dukani nasoma bei iliyoandikwa kwa sifuri nyingi.

Muuzaji alikuwa mtu mwenye subira. Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia pasipong'aa. Kiko kilichopinda hushusha uzito chini ya kidevu, kwa hiyo hakivuti taya mbele kama kilichonyooka. Ukuta wa bori uwe mnene, vidole visiungue baada ya robo saa. Tundu la moshi lifike chini kabisa ya bori, la sivyo majimaji hukusanyika. Upana wa ndani wa milimita 19 au 20 unatosha. Watu hudhani ukitaka kuvuta muda mrefu unahitaji bori kubwa kama kikombe, kumbe bori kubwa ni nzito, na uzito ndio unaokufanya uache mapema. Muda mrefu hutokana na kuvuta polepole, si na wingi wa tumbaku. Halafu ncha ya shilamu. Hapo alinifumbua macho. Ncha nene hulazimisha mdomo kubaki wazi, na mate yanaanza. Ncha ya plastiki ngumu inang'aa miaka yote lakini ni kama kuuma sahani. Ile ya mpira mgumu mweusi hugeuka rangi ya kahawia ikikaa juani, ila meno huipenda.

"Mzee ana meno mangapi?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Basi usinunue hapa," akasema, na akafunga kabati. Biashara yake sijui inaendeleaje, lakini Mungu ambariki.

Katikati ya hayo kulikuwa na daktari. Sitaki kumruka, kwa sababu mama yangu akisoma hii atauliza. Tulimpeleka Agui kwa ajili ya ufizi, na daktari kijana, mpole, akasema wazi: aache. Akaeleza kwamba moshi wa kiko hata usipoingia mapafuni unakaa mdomoni, na saratani ya ulimi, ya koo na ya midomo haingoji mapafu. Alikuwa sahihi kwa kila neno. Mama akasema mbele ya wote kwamba anayemnunulia mzee kiko anamnunulia jeneza. Ujue pia tunaishi wapi. Keringet ni kijiji cha mapafu. Faith Kipyegon amekulia huko na kusoma huko, na alfajiri ukitoka kuchota maji unapishana na wasichana wanaokimbia mlima kana kwamba wanateremka. Kukaa nje ukifuka moshi mahali kama hapo ni kama kula mchana mbele ya watu waliofunga.

Agui alimsikiliza daktari hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na mara moja kwa wiki?"

Daktari akasema hata mara moja si salama.

"Nimesikia," Agui akasema. "Mara moja kwa wiki."

Daktari hakufurahi, na hakupaswa kufurahi. Lakini Agui alishika neno lake. Sigara aliyokuwa akivutavuta nyuma ya zizi aliacha, tumbaku ya katikati ya wiki aliacha. Akabaki na Jumamosi peke yake. Na kama ni kimoja tu kwa wiki, nikaona, basi kisiwe cha dakika kumi za maumivu. Mama tulikubaliana tusikubaliane.

Jibu lilikuja na mkimbiaji. Binamu yangu anasoma Marekani kwa miguu yake, kama watoto wengi wa huku, na alikuwa anarudi likizo. Nilikuwa nimesoma kuhusu viko vya magunzi. Ndiyo, gunzi la hindi. Kwenye mji mdogo unaoitwa Washington, jimbo la Missouri, kuna kampuni inayovitengeneza tangu 1869. Aliyeanzisha ni fundi seremala mhamiaji kutoka Uholanzi, Henry Tibbe. Gunzi wanalikausha kama miaka miwili, wanalitoboa, wanalijaza plasta kwa nje ili vishimo vifungike, wanatia kijiti na mrija. Na kampuni inaitwa Missouri Meerschaum, eti kwa sababu gunzi huvuta laini kama lile jiwe. Kwa hiyo nilikuwa namtoa Agui kwenye povu la bahari la Amboseli nikimpeleka kwenye povu la bahari la shambani. Bei ilikuwa chini ya nauli yangu ya kwenda Nairobi na kurudi.

Binamu alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege akicheka. Mtu wa mita elfu tano, begi lina viatu vya mbio pea nne na viko viwili.

Niliweka kimoja kwenye mizani. Gramu 29. Kilikuwa kimepinda kidogo, bori si kubwa, ncha nyembamba. Juu ya ncha nilivisha kifuniko laini cha mpira, vitu vidogo kama chuchu ya chupa ya mtoto, vinauzwa kwa ajili ya wazee kama yeye. Hicho kifuniko, kusema ukweli, kilifanya nusu ya kazi. Ufizi haukugusa kitu kigumu.

Agui alikigeuza mkononi.

"Hili ni gunzi."

"Ndiyo, Agui."

"Limetoka Amerika."

"Ndiyo."

Akaniangalia muda. "Lakwet," akasema, neno ambalo ananiitia mtoto ingawa nina watoto wangu, "hapa tunawashia moto." Akalia kicheko mpaka kikohozi kikaja, na Kogo akatoka jikoni kuona kuna nini.

Tulikuwa na tumbaku ya sokoni, ile ya kusokotwa kama kamba, kali na mbichi. Nilikuwa nimejifunza kwamba unyevu ndio unaofanya kiko kiungue ulimi, kwa hiyo niliikata vipande vidogo Ijumaa, nikaitandaza kwenye sinia karibu na jiko usiku kucha. Asubuhi ukiibana haishikamani, inaachia. Agui alijaza kwa tabaka tatu kama alivyojaza siku zote, la chini kwa mkono wa mtoto, la juu kwa mkono wa mtu mzima. Ni yeye aliyesema hivyo, si mimi. Kaa la moto nilileta mwenyewe. Gunzi halipendi kaa kubwa, linaungua midomo ya bori, basi nilichagua dogo.

Guka alikuja saa tisa. Chai, mkate, viazi, fulani amezikwa. Halafu kimya. Niliketi kwenye kigoda karibu na mlango nikichambua maharagwe, mtoto wa kaa mwenye mvi mbili tatu. Dakika kumi zikapita, kiko kikabaki mdomoni. Kilikaa pengoni, kifuniko cha mpira kikiwa kimeshikwa na midomo tu, na mikono ya Agui ilikuwa magotini, yote miwili. Sikuwahi kuona hivyo tangu mkono wa kulia uanze kumsumbua. Robo saa. Nusu saa. Moshi ulikuwa mwembamba, unakaribia kufa, kisha anavuta kidogo unafufuka. Hakukuwa na malio.

Dakika ya arobaini hivi, Guka akasema kwa Kiswahili, kwa sababu mambo mazito huyasema kwa Kiswahili, lugha isiyo ya nyumbani kwa yeyote kati yao:

"Na ule mlango?"

Najua mlango gani. Kila mtu wa huku wa umri wangu anaujua. Guka alikuwa fundi, na mlango wa nyumba yake ulikuwa wa podo, ubao mpana, ameutengeneza mwenyewe na kuuchonga ua la pareto juu. Nyumba ilipochomwa mlango haukuchomwa. Mtu aliung'oa kwanza. Uko kwenye nyumba moja njia ya juu, umepakwa rangi ya kijani, lakini ua bado linaonekana. Agui amepita mbele yake akienda kanisani kila Jumapili kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Agui akavuta. Akatoa moshi.

"Uko," akasema. "Nauona."

Guka alitoa kikopo cha ugoro mfukoni, akakifungua, akakifunga bila kuchota. Nilisikia maharagwe yangu yakidondoka kwenye sufuria nikaacha kuchambua.

"Bado unafunga vizuri?"

"Mvua ikinyesha unakwama kidogo. Chini."

"Upande wa bawaba."

"Upande wa bawaba, ndiyo."

"Nilijua," Guka akasema. "Ubao ule haukukauka sawasawa. Mke wangu alikuwa anataka tuhamie kabla ya Krismasi."

Wakaendelea na mlango. Waliongea juu ya bawaba, juu ya podo na saiprasi, nani aliwauzia mbao, bei gani, punda wa nani alizibeba. Halafu wakatoka kwenye mlango wakaingia kwa yule aliyeung'oa, bila kumtaja, wakimwita "huyo", na mengine yaliyosemwa hapo si yangu kuyaandika. Agui alisema jambo moja ambalo sikuwahi kumsikia akilisema, kuhusu usiku mmoja na tochi. Guka alisema, "Hilo nilikuwa nalijua." Wote wawili walitazama mbele, kwenye chai ya jirani na ukungu uliokuwa unashuka juu yake.

Kiko kilizima baada ya saa moja na dakika ishirini na mbili. Nilikuwa naangalia simu, siwezi kukuficha. Lakini Guka hakupapasa kofia. Alipokuja kuipapasa kulikuwa giza, na matatu ya mwisho ya Molo ilikuwa imeshaondoka. Kogo akasema kitanda kipo, kana kwamba ni jambo la kawaida, akaenda kutafuta blanketi la pili. Guka hakuwa amelala Keringet tangu Januari 2008.

Gunzi huisha, hilo lijulikane. La kwanza lilitoboka chini baada ya miezi kama mitano, kijiti kinapoingilia. La pili linaendelea, na binamu ameshaagizwa mengine. Nimejaribu pia kutumia gunzi letu la H614, nikalikausha juu ya jiko na kulitoboa kwa msumari wa moto. Lilivutika mara nne kisha likawa mkaa. Moyo wa gunzi letu ni laini mno, sisi tulilichagua kwa ajili ya punje. Kile cha tembo Kogo amekifunga kwenye kitambaa. Mama bado hazungumzi nami Jumamosi jioni.

Asubuhi ile ya Jumapili, baada ya chai, Guka aliomba wapitie njia ya juu kwenda steji. Ni ndefu kidogo, na ina matope. Agui alichukua fimbo. Niliwaona wakitoka getini, mmoja na koti la mvua la kuazima, mwingine na kiko mdomoni, hakina tumbaku wala moto, kimekaa tu pale pengoni, na mikono yake yote miwili iko huru.